Lengo Kuu la Blogu Yangu

Waliokuwepo kikaoni ni hawa. Mume wangu, fundi wa majokofu, kwenye kiti cha karibu na mlango. Dada yangu mkubwa, fundi cherehani, kwenye kochi, na sindano mbili zimechomekwa kifuani mwa gauni lake. Mwalimu wa Jiografia, ambaye wanafunzi humwita Ramani na sisi walimu wenzake tumeshazoea, kwenye stuli. Binti yangu wa pekee, mwanachuo wa ualimu mwaka wa mwisho, mezani na kompyuta yake. Na mimi, mwenyekiti, ambaye sikuweza kukifungua kikao kwa sababu sina sauti.

Hakuna aliyetuma udhuru.

Msomaji uliyekosa matoleo yaliyotangulia, habari yenyewe ni fupi. Sauti yangu ilikatika mbele ya darasa la saba, nikiwa katikati ya somo la mzunguko wa damu. Nikapasuliwa koo. Daktari akanikataza hata kunong'ona.

Tangu hapo nasema kwa chaki. Mume wangu alikata bati la mlango wa jokofu bovu, akalipaka rangi nyeusi, likawa ubao wangu wa mkononi. Binti yangu ndiye msomaji wake. Dada yangu haoni maandishi bila miwani, na miwani husahau kila aendako. Mume wangu naye husema mwandiko wangu unamrudisha kwenye shule aliyoikimbia.

Siku ya Jumatatu bodi ya shule ilikuwa ikae kujadili jambo moja: nibaki kazini au nistaafishwe kwa maradhi. Sina kazi nyingine niijuayo. Nilitoka chuoni nikaingia darasani, na humo ndimo nilimozeekea.

Wazo la blogu lilikuwa la Ramani. Alisema tufungue ukurasa, niandike masomo ya sayansi, wanafunzi wangu wasome kwa simu za wazazi wao. Bodi ikiona kwamba mwalimu asiye na sauti bado anafundisha, haitakuwa na sababu ya kunitoa. Ukurasa wenyewe binti yangu alikuwa ameshaufungua juma lililotangulia, ukisubiri kujazwa.

Ndiyo maana nikaita kikao. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu anayeingia darasani bila azimio la kazi ni sawa na mwashi anayeanza nyumba kwa kuezeka.

Nilikuwa nimebandika ukutani karatasi ya manila, nimeipiga mistari kwa rula. Safu zilikuwa zile zile za azimio la kazi la shuleni: lengo kuu, malengo mahususi, shughuli za mwalimu, shughuli za msomaji, zana, muda, tathmini. Palipokuwa na neno mwanafunzi niliweka msomaji. Hayo tu ndiyo mabadiliko niliyoona yanahitajika.

Lengo kuu nilikuwa nimeshaliandika, nikalifunika kwa kipande cha karatasi. Ni desturi yangu. Jibu hufunikwa, kisha wanafunzi huongozwa kutoka wanachokijua hadi wasichokijua, mpaka walifikie wenyewe. Ndipo hufunuliwa.

Tulianza na shughuli za msomaji. Nilikuwa nimeandika kwamba atasoma kwa makini, atanakili mchoro, atajibu maswali kumi.

Dada yangu aliuliza huyo msomaji analipwa au amefungwa.

"Mama," binti yangu akasema, "huku msomaji hajafungiwa mlango."

Niliandika kwamba hata darasani kwangu mlango huwa wazi.

"Darasani kuna kengele, halafu kuna wewe na jicho lako. Huku akichoka anakufunga kwa kidole, wala hakuagi."

"Mimi nimeshatoroka hapo kwenye kunakili," dada yangu akasema. "Mdogo wangu, unapendwa, lakini hapo unatafuta kusomwa na wewe mwenyewe."

Ramani alicheka mpaka stuli ikalia. Nami nilicheka kwa namna yangu, yaani mabega yalicheka. Nakiri kwamba lile jambo halikuwahi kunijia akilini. Maisha yangu yote nilifundisha watu waliokwisha kuketi.

Nikafuta safu nzima. Tukabishana upya juu ya mwelekeo. Mume wangu alitaka kujua bodi itahesabu nini, idadi ya wanaofungua ukurasa au idadi ya wanaoelewa. Ramani alijibu kwamba bodi haijawahi kuhesabu wanaoelewa. Binti yangu alipendekeza masomo mafupi, kila moja na swali moja tu la kumfanya mtu arudi kesho yake.

Dada yangu hakupendezwa na somo lolote, fupi wala refu. Alisema watu wanataka yaliyonikuta: namna sauti ilivyokatika, watoto walivyolia, nilivyoamka hospitalini nikaomba maji kwa vidole.

Niliandika kwamba sitaki kusomwa kwa kuonewa huruma.

"Nguo mpya watu huisifu wakapita," akanijibu. "Iliyochanika, kila mmoja husimama kuitazama. Mimi nashona miaka yote hii, naijua biashara ya macho."

Binti yangu akainamisha kichwa kwenye kompyuta. Nilidhani anaandika kumbukumbu.

Tukafika safu ya muda. Ramani aliuliza azimio liwe la majuma mangapi. Nikaandika: muhula mmoja, kisha narudi darasani.

Binti yangu alisoma maneno hayo kwa sauti ya chini. Mume wangu akasimama, akasema anakwenda kunywa maji. Ilikuwa mara ya pili kwenda jikoni tangu tuanze, na mara zote mbili ni pale nilipotaja kurudi darasani. Nilidhani kikao kimemchosha. Yeye ni mtu wa bisibisi, maneno mengi humpa usingizi.

Ramani aliitazama ile safu ya muda, akanitazama mimi, akakunja uso kama mtu aliyekuta mto umechorwa ukipanda mlima.

Nikaona wakati umefika. Mume wangu aliporudi kitini nilisimama, nikabandua kile kipande cha karatasi ukutani, nikampa binti yangu ishara asome.

Hakusoma. Nikagonga manila kwa kidole, kama ninavyofanya kwa mwanafunzi aliyesinzia.

"Lengo kuu la blogu hii," akasoma, "ni kulishika darasa la saba mpaka sauti ya mwalimu wao itakaporejea."

Kikawa kimya.

Mwalimu mzoefu anajua kwamba kimya cha darasa kina aina zake. Kuna cha wasioelewa, kuna cha walioelewa, na kuna cha wale waliovunja kioo cha dirisha kabla hujaingia. Mimi, na uzoefu wangu wote, nilidhani wameguswa.

Ramani ndiye aliyesema.

"Samahani, mwalimu. Mbona kwenye blogu yenyewe imeandikwa kwamba haitarudi?"

Nilimtazama. Nikatazama kompyuta. Binti yangu alikuwa ameifunga.

"Nilijua unajua," Ramani akasema. "Jamani, mimi nilijua anajua."

Akatoa simu yake mfukoni, akasitasita, akanipa. Sikuwahi kuuona ukurasa wangu ukiwa tayari. Juu palikuwa na jina langu la ualimu kwa herufi nzuri. Chini yake palikuwa na maneno haya: Mama yangu ni mwalimu wa sayansi. Daktari ametuambia sauti yake haitarudi tena. Nimefungua ukurasa huu ili aendelee kufundisha kwa mkono.

Sentensi zilikuwa safi. Nilimfundisha mwenyewe.

Nikawatazama hao walioambiwa, mmoja baada ya mwingine. Mume wangu alikuwa anachunguza kiatu chake. Dada yangu, ambaye hana siku aliyokosa neno, alizichomoa sindano kifuani, akazichomeka tena mahali palepale.

Nikaandika neno moja: Lini?

"Siku ileile," mume wangu akasema bila kusubiri lisomwe. Mwandiko wangu leo ulimwelea. "Ulikuwa bado na dawa ya usingizi. Daktari alituita mimi na mtoto kwenye korido. Akasema atakwambia ukiamka. Mimi nikamwomba atuachie, tutakwambia wenyewe."

Akaeleza mengine kwa kukatakata. Kwamba kila asubuhi aliamka na nia ya kunieleza, na kila asubuhi alinikuta naandaa masomo. Kwamba siku moja alifika hadi mlangoni mwa chumba, akanikuta nachora moyo na mishipa yake kwa chaki za rangi, akarudi karakana. Kwamba walikuwa wananisubiri nipate nguvu.

Nikaandika: Nguvu za nini?

Binti yangu akasoma.

"Za kusikia," mume wangu akasema.

Dada yangu akaona hapo ndipo pa kuingilia. Alisema yeye aliwaonya tangu siku ya kwanza. Aliwaambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba mtu mzima hafichwi mwili wake mwenyewe.

Nikaandika: Uliwaonya wao.

Lilipokwisha kusomwa alinyamaza, na ninakiri kwamba katika miaka yote ya undugu wetu sijapata kumnyamazisha kwa sauti niliyokuwa nayo.

Binti yangu alieleza bila kuulizwa. Ukurasa ulipofunguka palikuwa na nafasi ya kusema blogu inahusu nini, naye alitaka tu kuona kama herufi zinasomeka kwenye simu. Angeweza kuandika moja, mbili, tatu. Akaandika kilichokuwa moyoni. Kisha akawatumia wenzake wawili wa chuoni waupime kama unafunguka. Hao wakalia, wakawatumia wengine. Alipokumbuka kufuta, dunia ilikuwa imeshasoma, naye akaona kufuta ni kama kuniua mara ya pili.

"Mama mkubwa alisema kweli," akamalizia. "Iliyochanika ndiyo watu husimama kuitazama. Watu wengi wameufungua, Mama. Wengi mno. Na hakuna somo hata moja humo."

Nilirudi kitini. Nilijaribu kukumbuka ni vitu gani nilivyokuwa nikivifanya mpaka sauti irudi. Vilikuwa vyote.

Lakini Ramani alikuwa bado na kitu. Mtu mwenye habari mbaya hukalia stuli kwa upande mmoja, naye alikuwa amekaa hivyo tangu mwanzo, mimi ndiye niliyekuwa nimeshughulika na mistari ya rula.

Alisema mwalimu mkuu ameusoma. Ulipita kwenye simu za ofisi ya walimu wakati wa mapumziko, kila mmoja akasema pole, na mwalimu mkuu naye akasema pole. Kisha akamwagiza karani auchapishe. Karatasi hiyo sasa iko kwenye jalada litakalofunguliwa Jumatatu.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Blogu iliyoanzishwa ili nibaki kazini ilikuwa imeshatangulia mezani kunitoa.

"Na jambo la mwisho, mwalimu, bora ulisikie kwangu. Sayansi ya darasa la saba nimepewa mimi, tangu juzi."

Dada yangu aliuliza mtu wa mito na milima anajua nini kuhusu damu.

"Sijui kitu, dada. Nasoma kurasa mbili mbele yao. Jana nimewachorea moyo, wakaniambia wa kwako ulikuwa mkubwa zaidi."

Hakulisema kwa kunifurahisha. Alikuwa na haya ya kweli, na mimi sikuwa na hasira ya kumpa. Niliandika kwamba awakumbushe kuwa vali hufungukia upande mmoja tu, hapo ndipo hukosea mtihanini. Alinakili kwenye kiganja.

Hapo mume wangu akafanya jambo asilolifanya. Alisimama katikati ya chumba, akaongea kwa mpangilio.

Alisema fundi hatupi jokofu kwa sababu mteja amesema limekufa, hupima kwanza. Bodi haina karatasi ya daktari. Daktari ataandika ripoti yake ya mwisho baada ya kipimo cha muhula ujao, si kabla. Kilichomo katika jalada ni maneno ya blogu peke yake, na maneno ya blogu hayana muhuri. Mwenye maneno hayo akienda Jumatatu akasema aliyabuni mwenyewe, kwamba alitaka wasomaji tu, bodi italazimika kuahirisha.

"Aseme alidanganya?" Ramani akauliza.

"Aseme alitia chumvi. Vijana wote wanatia chumvi humo."

Ramani akafikiri. Alisema linawezekana. Mwalimu mkuu ni mtu wa karatasi, bila karatasi ya hospitali hatathubutu. Ningepata muhula.

Dada yangu alisema mti ukianguka si lazima umwangukie kila aliyekuwa chini yake. Alisema pia kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi, na angesema la tatu kama binti yangu asingesimama.

"Nitasema," binti yangu akasema. "Mimi ndiye niliyeandika."

Nikaandika upesi mpaka chaki ikakatika. Nilimkumbusha kwamba mwakani ataomba kazi ya ualimu mbele ya watu walewale. Nilimkumbusha kwamba wilaya nzima ya walimu ni ukumbi mmoja, na sifa ya mtu huingia kabla yake ikakaa viti vya mbele. Mwalimu aliyesema uongo juu ya koo la mama yake ili asomwe hatapewa watoto wa watu.

Aliyasoma yote kwa sauti, kituo kwa kituo, kama nilivyomzoeza. Kisha akaniambia:

"Mwakani ni mbali, Mama. Jumatatu ndiyo iliyo karibu."

"Mtoto ana akili," dada yangu akasema.

"Mtoto ana deni la moyo," mume wangu akasema. "Mwacheni alilipe. Na mimi ninalo."

Nataka msomaji aelewe nilichokuwa nimekishika mkononi wakati ule. Wote walikuwa wakipigania muhula mmoja. Kabla ya kikao kuanza, muhula ulikuwa daraja. Ng'ambo kulikuwa na sauti, na mlango wa darasa, na watoto wanaosimama kunisalimu. Sasa ng'ambo hakukuwa na kitu. Wangenipa muhula mzima wa kuandika masomo kwa wasomaji waliokuja kutazama mchaniko, na mwisho wake daktari angeandika yaleyale yaliyokwisha kuandikwa na mwanangu. Nami nililipie kitu hicho kwa jina lake.

Nje palikuwa na mtu anagongagonga bomba. Mwanga wa saa kumi uliingia dirishani, ukapiga moja kwa moja kwenye bati la ubao wangu.

"Haya," dada yangu akasema, "tumeshasema sana. Mwenyekiti aamue, tuandike, twende."

Wote wakanigeukia. Ramani akashika kalamu.

Nikafuta ubao wote, pembe hadi pembe. Sikuandika kwa haraka. Niliandika kwa ule mwandiko wa siku ya ukaguzi, herufi zimekaa juu ya mstari usioonekana. Niliandika hivi: Mwanangu amesema kweli. Jumatatu nitakwenda mbele ya bodi na nitawakabidhi darasa langu. Blogu ifungwe leo.

Nikamkabidhi binti yangu ubao.

Aliupokea kwa mikono miwili. Niliona macho yake yakienda kulia, yakirudi, yakienda tena. Yalifika mwisho. Kisha hayakusogea.

"Anasemaje?" dada yangu akauliza.

Mume wangu akarefusha shingo, lakini kutoka pale alipokuwa bati liling'aa kama kioo, hakuona kitu zaidi ya dirisha.

Binti yangu alinitazama. Nimewatazama wanafunzi wengi wakati wanapoamua, na huwa najua ni jibu gani linakuja. Hili sikulijua. Aliugeuza ubao kifuani pake, akausugua kwenye blauzi yake mara moja, kwa nguvu, hata chaki ikamwachia doa jeupe. Kisha akasimama wima, akapanga sauti yake polepole na kwa ukamilifu, sauti ile anayoitumia anaponisemea, ambayo watu wote wa nyumba hii wamekubali kwamba ndiyo yangu.

"Mama ameamua," akawatangazia. "Blogu inaendelea. Na Jumatatu nitakwenda mwenyewe kuiambia bodi kwamba nilidanganya."